Jibini Juu ya Kabati

ZUHURA: Inarekodi? Haya. Wasikilizaji, leo sianzi na salamu mpaka huyu mdogo wangu aseme alichompa mwanangu.

HEMEDI: Zawadi ya mjomba tu, jamani. Hamjambo wote?

ZUHURA: Jumapili asubuhi natoka zamu ya usiku, macho hayafunguki, namkuta mtoto mezani anakula chapati na kipande cha jibini kichwani. Cha sponji, cha pembetatu, kikubwa kama stuli! Hapa, Chicago. Kofia ya mashabiki wa Packers wa Green Bay! Na baba yake pembeni kavaa jezi ya Bears, timu yetu ya futiboli ya Kimarekani, watani wao. Wamekaa hawaongei, kama abiria wasiojuana.

HEMEDI: Mimi naishi Milwaukee, Wisconsin, jimbo la jibini na la Packers, dada. Ulitaka nimletee dagaa?

ZUHURA: Nimeificha juu ya kabati. Nafikiria kuichana nijazie mto.

HEMEDI: Utakuwa umeirudisha ilikotoka. Mwaka 1987 kijana mmoja wa Milwaukee, Ralph Bruno, alikuwa anatengeneza kochi la mama yake. Akachukua sponji ya kochi, akaikata, akaipaka rangi, akaenda nayo kwenye besiboli, siku Brewers wetu wanacheza na White Sox wenu wa Chicago. Ninyi watu wa Illinois ndio mlikuwa mnatuita vichwa vya jibini. Basi akalivaa tusi lenyewe.

ZUHURA: Na kochi?

HEMEDI: Kochi lipi?

ZUHURA: La mama! Mimi ningekuwa yule mama…

HEMEDI: Dada, tulipanga kuanza na mwaka 1921.

ZUHURA: Anza, naupenda mwaka huo. Tarehe 27 Novemba, mechi ya kwanza kabisa kati yetu na Packers, tukawapiga 20 kwa bila. Na hatukuwa hata Bears bado, tuliitwa Staleys, kwa jina la kiwanda cha wanga cha kule Decatur.

HEMEDI: Na sisi jina la Packers tumelipata kwa kampuni ya kufungasha nyama, ndiyo iliyotoa hela za jezi mwaka 1919.

ZUHURA: Kwa hiyo wanga na nyama. Mlo kamili. Jibini limetokea wapi?

HEMEDI: Kwenye kochi.

ZUHURA: Kwenye kochi la mama wa watu! Haya, mimi nina hoja yangu ya leo. Kule nyumbani tunasema watani wa jadi, Simba na Yanga. Sasa sikia utani wa kweli. Mwaka 1956 watu wa Green Bay, kwao Packers, wanapiga kura ya kujenga uwanja mpya. Mji mdogo, na ligi haiutaki ule uwanja wa zamani. Nani anafunga safari kwenda kuwaambia wapige kura ya ndiyo? George Halas. Mwenye Bears!

HEMEDI: Alikwenda, sikatai. Lakini siku zile timu mgeni ilikuwa inapata mgao wa viingilio. Uwanja mkubwa, mgao mkubwa. Mzee alikuwa anahesabu hela yake.

ZUHURA: Angetaka hela tu angenyamaza, mechi zenu zote zihamie Milwaukee. Mji mkubwa, watu wengi.

HEMEDI: Milwaukee tulikuwa tunacheza baadhi ya mechi tayari, na…

ZUHURA: Si ndiyo nasema! Njia ilikuwepo. Yeye akachagua jirani yake abaki kwao.

HEMEDI: Akachagua ligi yake isife. Hisani ni ile isiyokurudishia kitu, dada.

ZUHURA: Hisani ni hisani hata ikikurudishia. Mama akikupikia na yeye akala, hajakupikia?

HEMEDI: Mama usimwingize hapa.

ZUHURA: Nimemwingiza.

HEMEDI: Halafu Septemba 1957 tukaufungua uwanja huo kwa kuwapiga ninyi, 21 kwa 17. Ahsante ya Halas hiyo.

ZUHURA: Unaona? Na hakudai uwanja wake. Hiyo ndiyo hisani.

HEMEDI: Mimi bado nasema ni biashara.

ZUHURA: Na mimi bado nasema… Saa ngapi? Yesu na Maria, naingia zamu dakika arobaini zijazo!

HEMEDI: Na yale mafunzo matatu tuliyoandika?

ZUHURA: Karatasi iko kwenye gari.

HEMEDI: Basi hata Januari 2011 hatuigusi? Mechi ya pili tu ya mtoano kati yetu, tangu ile ya 1941! Uwanjani kwenu, 21 kwa 14, Raji wetu na mwili ule mkubwa ananasa mpira, anafunga, halafu anakata kiuno…

ZUHURA: Ndiyo maana nimechelewa, muda umeisha. Subiri. Nani anaburuta kiti huko? We mtoto! Shuka hapo, kabati litakuangukia! Hemedi, nani kamwambia iko juu ya kabati?

HEMEDI: Umesema mwenyewe, dada. Mlango ukiwa wazi.