Kisu cha Unyoya

Ndugu zangu, nimelisema hili mara nyingi na leo nalirudia: neno la Kiingereza penknife halihusiani na udogo. Mtu hukitazama kile kisu cha kukunja, akakipima na peni iliyo mfukoni, akaridhika. Sivyo! Ni kisu cha kuchongea kalamu, na Waingereza wa karne ya 15 walipolitumia neno hilo, kalamu yao ilikuwa unyoya. Pen limepitia Kifaransa cha kale kutoka Kilatini, penna, yaani unyoya.

Tazameni kazi yenyewe, maana bila kazi hilo jina ni fumbo. Unachukua unyoya wa bata bukini, mmoja wa ile mitano mikubwa ya ncha ya bawa. Bawa la kushoto ndilo linalomfaa anayeandikia mkono wa kulia, kwa jinsi unyoya wake unavyopinda kumwepuka. Unauloweka usiku kucha, kisha unachomeka bomba lake katika mchanga wa moto likakaze. Moto ukizidi, bomba hupasuka ukilikata. Ukipungua, ncha hulegea kwa wino.

Ndipo kisu. Mkato mrefu wa mshazari, halafu ufa katikati, halafu mabega, yaani kuchonga pande mbili ziwe nyembamba kuelekea ncha, mwisho ncha yenyewe. Ufa kabla ya mabega! Ukishapunguza mabega, ufa hukimbilia pembeni, na unaanza upya. Ufa ukiwa mrefu mno, ncha hutanuka na wino hudondoka. Kisu butu hakikati bomba, hulipondaponda. Na bapa la kisu hicho cha kalamu lilikuwa fupi, upande mmoja tambarare, wa pili wenye mviringo kidogo, lipate kugeuka kwenye bega. Ncha ikichakaa, unachonga tena, wala hungoji kesho. Mwandishi alishika unyoya mkono mmoja na kisu mkono wa pili, akikandamizia nacho ngozi anayoiandikia na kukwangulia makosa.

Najua kuna anayeuliza: na penseli? Penseli si nduguye peni, hata kidogo. Hiyo inatoka penicillus, kimkia, yaani brashi ya mchoraji. Ndugu yake ni penisilini, ile dawa, kwa vile kuvu inakotoka ina umbo la brashi. Tuendelee.

Mwingine atasema hayo ni ya Wazungu. Haya, kalamu yetu je? Ni qalam ya Kiarabu, na ilikuwa tete. Tete nalo huchongwa kwa kisu, na ncha yake hukatwa juu ya kibao cha mfupa au pembe. Tofauti ni mpangilio wa maneno tu: sisi hutanguliza kisu, kisu cha kalamu, Mwingereza hutanguliza kalamu, pen-knife.

Nibu za chuma, yaani ncha za kalamu zilizotengenezwa Birmingham, Uingereza, karne ya 19, zilikiachisha kisu kazi. Jina likabaki nacho mfukoni. Nilikusudia pia kugusa neno jingine la Kiingereza, sledgehammer, nyundo kubwa, ambamo slecg, katika Kiingereza cha kale, tayari ni nyundo nzito, kwa hiyo watu wanasema nyundo-nyundo mchana kutwa bila kujua. Lakini naona mwenyekiti ananyooshea saa kidole.