Tairi inavuma, ni beringi au sio? Vile unaamua kubadilisha kwa gari ya zamani

Haya karibuni ndugu zangu, leo tuko Malindi hapa gereji, na hii mnayoiona ni Probox ya kitambo, mwenyewe ameileta akisema beringi za mbele, zile ringi za chuma zinazofanya gurudumu lizunguke laini, zimekufa zote mbili, tayari ameshaambiwa bei na alikuwa njiani kwenda kununua. Nikamwambia ngoja kwanza yakhe, hatununui kitu hatujakipima. Hizi gari za zamani zina kelele nyingi sana na kila kelele ya kuvuma watu wanaiita beringi, kumbe saa zingine ni tairi tu. Kwa hivyo leo sifungui beringi, leo nawaonyesha vile unaamua kama ibadilishwe sasa, ingoje kidogo ama iachwe.

Tunaanza barabarani. Nimetoka nayo barabara ya kwenda Gede, funga vioo, zima redio, peleka 60 mpaka 80. Skiza hio... wuuuuu. Naongeza mwendo inapanda, napunguza inashuka. Sasa naweka gia kwa N, injini imetulia lakini mvumo uko palepale, basi sio injini, ni kitu kinachozunguka na magurudumu. Alafu hapa ndio penyewe, angalia kama barabara iko wazi nyuma na mbele, maanake hizi tuktuk zinatokea popote, pinda steringi kidogo kulia vile mtu anakwepa shimo. Ukipinda kulia uzito wa gari unalalia upande wa kushoto, kwa hivyo kelele ikizidi hapo mshuku wa kwanza ni beringi ya kushoto. Pinda kushoto, hio ya kushoto inapunguza. Umeskia ilivyonyamaza? Si kila gari itakuonyesha wazi hivi, lakini hii imesema.

Kabla hujaihukumu pitisha kiganja juu ya tairi, mbele alafu nyuma. Ukihisi meno kama ya msumeno, tairi imelika vibaya, na tairi ya hivyo inavuma sawasawa na beringi. Tofauti yake ni kwamba kelele ya tairi inabadilika na barabara, lami laini inatulia, lami ya kokoto inapiga kelele, lakini beringi haijali lami gani. Ukibaki na shaka hamisha tairi za mbele ziende nyuma upite tena palepale, kelele ikihama nayo umeokoa pesa yako. Na ile ya ta-ta-ta-ta ukikata kona ya kufunga kabisa, hio sio beringi, hio mara nyingi ni sivi jointi, kile kiungo cha ekseli inayozungusha gurudumu, ni habari nyingine hio.

Sasa jeki. Kabari nyuma ya tairi, gari pahali pa imara sio kwa mchanga, na ukishainua weka stendi, mimi sitaki kuona mtu anaingiza mkono chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Shika tairi juu na chini hivi, vuta huku sukuma kule. Tk, tk. Inacheza, umeona? Fundi wengi wanaishia hapo wanasema beringi, lakini ngoja. Kijana wangu ingia ndani ukanyage breki, kanyaga ushikilie. Natikisa tena... imeacha. Breki imefunga diski na habu, kile kitovu cha gurudumu, zikawa kitu kimoja na ile chuma inayobeba beringi, kwa hivyo kucheza kwenyewe kulikuwa kwa beringi. Ingekuwa bado inacheza na breki imekanyagwa, ningeenda kwa boljointi au bushi, vile viungo na mipira ya miguu ya gari. Na kama inacheza ukishika kushoto na kulia peke yake, juu na chini imetulia, angalia taidirodi, ile fimbo ya steringi inayopindisha gurudumu.

Hatua inayofuata ndio naipenda zaidi na haina gharama. Toa gia, mkono mmoja unazungusha tairi, mwingine umeweka juu ya springi ya shokabu. Springi inakuletea mtetemo wote wa beringi. Kama ni nzuri inapita kimya tu, kama imeliwa utahisi krrrr ndani ya vidole hata kama sikio halijaskia. Ukiskia shaa, shaa, inakwaruza mara moja kila mzunguko, hio mara nyingi ni pedi inagusa diski, usichanganye. Fanya upande wa pili pia ulinganishe, bila kulinganisha unabahatisha. Hii Probox kulia iko sawa kabisa, hainung'uniki, kwa hivyo mzee atabadilisha moja tu. Najua kuna wanaosema badilisha zote mbili kila mara, mimi sikubali, ya upande wa pili kama haivumi, haichezi, haina joto, iache ifanye kazi.

Joto nalo, ukishatembea kama nusu saa bila kukanyaga breki sana, sogeza mkono karibu na kila rimu, usishike moja kwa moja utaungua. Moja ikiwa moto kuliko mwenzake kuna kitu, lakini inaweza kuwa breki imekwama, kwa hivyo joto peke yake si ushahidi.

Sasa uamuzi. Kwa beringi za kufungwa kama hii ya mbele ya Probox, ile inayoingizwa kwa mashine ya presi, hakuna kukaza na hakuna kutia girisi. Mtu akikuambia ataifungua aioshe na petroli atie girisi, ondoka na gari yako. Inavuma kidogo tu, haichezi, haisagi, basi tembelea hapa mjini ukitafuta pesa lakini uiangalie kila wiki, usiende nayo mbali. Inacheza au inasaga, ni leo, na usijidanganye eti utaifikisha Mokowe kule Lamu kwanza, zile ni zaidi ya kilomita 200 na kuanzia Garsen ikikufia huko utajua mwenyewe. Beringi ikivunjika kabisa gurudumu linaweza kutoka. Na gari yenye ABS, zile breki zinazozuia tairi kujifunga, taa yake ikiwaka pamoja na mvumo, angalia hapohapo, kwa nyingi sensa inasoma ringi iliyo kwenye beringi ama habu.

Lakini kama una pikapu ya zamani, Hilux zile za gurudumu la mbele lisilovuta, hio ni hadithi nyingine na ndio nataka tukae hapo kidogo. Zile ni beringi za roli, yaani zina vijiti vya chuma vinavyobingirika ndani, mbili kwa kila habu, ndogo nje kubwa ndani, na zinakazwa. Kucheza kidogo sana kwake si ugonjwa. Ikizidi, fungua kwanza uangalie usikimbilie duka. Osha girisi yote, kausha, usiizungushe na hewa ya kompresa, inaweza kuruka ikuumize. Angalia roli moja moja na ringi ya nje iliyobaki ndani ya habu. Ukiona vishimo, chuma imebanduka, ama rangi ya bluu ya kuungua, badilisha, na ringi yake ya nje ibadilishwe pamoja, roli mpya juu ya ringi kuukuu haikai. Ikiwa safi, tia girisi namba 2 ya beringi mpaka itokeze upande wa pili, weka sili mpya, ule mpira unaozuia girisi isitoke na maji yasiingie, kaza nati huku unazungusha tairi, legeza, alafu rudisha taratibu mpaka kucheza kuishe na tairi bado inazunguka huru. Pini ya kufungia nati iwe mpya, usirudishe ile ya zamani iliyokunjwa.

Girisi ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Hapa kwetu hilo ni jambo, gari zinazobeba chumvi Gongoni na zile zinazopita maji Mto Tana ukifurika kule Gamba, habu ina moto inaingia maji baridi, hewa ya ndani inanywea na kuvuta maji kupitia sili. Gari imepita maji kufika katikati ya gurudumu, hizi za roli fungua usingoje mvumo. Za kufungwa huwezi kuzifungua, unabaki kuzisikiliza tu.

Ukinunua mpya beba ile ya zamani, linganisha namba iliyochorwa kwa chuma sio boksi, boksi yeyote anachapisha. Na fundi wa presi mwambie mapema, akiingiza beringi kwa ile chuma inayoibeba asukume ringi ya nje, akiingiza habu aegemeze ringi ya ndani kwa nyuma, na nyundo akae mbali nayo. Nati ya ekseli mpya, ikazwe na spana ya kupima nguvu kwa namba ya gari yako, na gari isishushwe uzito wake kabla nati haijakazwa. Alafu rudi ileile barabara ya Gede, vioo vimefungwa, pinda kulia pinda kushoto, na ukirudi kaza nati za rimu tena.