Kibarua Ndani ya Nyumba ya Baba

(Mhadhara kwa vijana na wazazi, Tukuyu)

Bwana Yesu asifiwe! Asanteni kwa kuja na mvua hii, ingawa tukisema tungoje ikatike, hapa Tukuyu hakuna kikao kitakachofanyika.

Nina swali, na usinijibu kwa sauti. Jumapili ambayo hujamaliza ahadi yako ya ujenzi, unaingia kanisani na uso gani? Maana wapo watu, na ninyi mnawajua, walioacha ibada kwa sababu ya bahasha. Hawajamkana Mungu. Wanaona haya kukutana na mweka hazina. Basi haya hiyo inakua taratibu, mwisho mtu hawezi hata kusali akiwa peke yake chumbani.

Kijana kapata sifuri kidato cha nne, kaacha kwaya. Binti kazalia nyumbani, anakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Na yuko mama ambaye hajajaliwa mtoto: kila msiba yuko jikoni, kila semina anapika yeye, tunamsifu kwa moyo wa kujitoa. Siku moja mwulizeni kwa upole. Atawaambia, "Angalau Mungu anione."

Huyo mama ndiye anayeniumiza zaidi, kwa sababu kwa nje anaonekana yuko sawa.

Wote hao wanaishi kwa Mungu kama vibarua. Kibarua wa viazi anapimiwa ngwe asubuhi; akimaliza analipwa, anakwenda kwake. Hakuna ubaya, ndiyo kazi yenyewe. Ubaya ni pale mtoto wa nyumba hiyo anapoamka na kudai naye apimiwe ngwe ndipo ale.

Fungueni Luka 15. Yule mwana mdogo aliyechukua urithi wake kwa baba akautapanya ugenini, akiwa kwenye kuchunga nguruwe, alijipangia maneno ya kusema: nimekosa, sistahili kuitwa mwana wako tena, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Sasa shukeni mstari wa 21. Anasema nimekosa. Anasema sistahili. La kuomba utumishi halimo. Baba ameshaita: leteni vazi, pete, viatu! Ombi la kibarua halikupata nafasi.

Angalieni pia kwamba baba hakumwambia, "Hukukosa." Mali ilikuwa imeliwa kweli. Kupokea upendo wa Mungu si kujidanganya kwamba wewe ni msafi. Kosa linabaki kosa na linatubiwa. Ila halina mamlaka ya kuamua wewe ni mtoto wa nani. Paulo anaandika katika Warumi 5:8 kwamba Kristo alikufa kwa ajili yetu "tulipokuwa tungali wenye dhambi". Kwa hiyo usingoje ujirekebishe kwanza.

Mwana mkubwa sasa. Huyu ni sisi tunaokaa viti vya mbele, samahani wazee wangu. Hakutoka nyumbani hata siku moja, lakini sikilizeni anavyojieleza: nimekutumikia miaka mingi, hujanipa hata mwana-mbuzi. Anadai ujira! Baba anamjibu, "Mwanangu, vyote nilivyo navyo ni vyako." Yaani ndugu wawili, mmoja kwenye nguruwe na mwingine shambani, na wote walijihesabu watumishi.

Najua kuna anayewaza kwamba mafundisho haya yatawalegeza vijana. Paulo mwenyewe aliliinua swali hilo hilo, Warumi 6, akajibu, "Hasha!" Mtoto anayejua anapendwa hachomi nyumba.

Na hili si jambo geni kwetu. Wamisionari Wamoravian na Walutheri wa Berlin walifika huku Unyakyusa mwaka 1891, na Walutheri walikuja na Ungamo la Augsburg la 1530, yaani tamko lao la imani, ambalo kifungu chake cha nne kinasema mtu hahesabiwi haki kwa matendo yake, bali bure, kwa ajili ya Kristo, kwa imani. Tumekaa na habari hiyo zaidi ya miaka mia na thelathini. Kuikiri tunaikiri. Matangazo yetu ya Jumapili ndiyo yanasema vingine.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa wazee wa kanisa. Michango iendelee, mnada wa ndizi na kuku uendelee, paa halijiezeki lenyewe. Lakini tuache kusoma majina ya wasiomaliza ahadi. Mwenye deni afuatwe nyumbani kwake, aulizwe kwanza habari za watoto.

Karibuni maswali. Naona mkono wa mama pale nyuma.