Kutengeneza kutu ubavuni mwa Chevelle ya 1970: fuata maji kwanza, grenda baadaye

Karibuni tena gereji, mafundi na wapenzi wa magari ya zamani. Leo tuna Chevrolet Chevelle Malibu ya mwaka 1970, milango miwili, injini ya V8 ya inchi za ujazo 350. Imeishi Michigan miaka yote hii, na Michigan majira ya baridi yakifika barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi inanasa chini ya gari na kukaa humo hadi kiangazi. Matokeo yake ni haya: hapa nyuma ya gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, bati limevimba, rangi imetoka malengelenge, na ukisukuma bisibisi kidogo tu inazama. Ninyi mlioko Tanga, Mombasa au Muscat mnaijua kazi ya hewa ya bahari, kwa hiyo mengi nitakayoonyesha yatawafaa hata kama gari lenu ni Datsun.

Kabla ya kugusa grenda, tutafute maji yanatoka wapi. Mtu akiona tundu hukimbilia kukata, kubandika bati, kupiga pati (ule uji mzito wa kujazia mabonde ya bati) na rangi, kisha anashangaa tundu linaporudi palepale. Kwenye Chevelle za miaka hii, tundu la chini ubavuni mara nyingi limeanzia juu kabisa, kwenye kona ya kioo cha nyuma.

Ng'oa kiti cha nyuma, toa kapeti la buti, mwombe mwenzako aingie ndani na tochi. Wewe shika mpira wa maji, ufungue kidogo tu, halafu mwagia kuanzia chini ukipanda juu polepole. Ukianzia juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Hapa kwenye taa za nyuma, kukavu. Kwenye ukingo wa buti, kukavu. Sasa kona ya kioo... umeona? Maji yanateremka ndani ya buti kama machozi.

Sababu ni hii. Ule utepe wa chuma unaong'aa kuzunguka kioo unashikwa na vibanio, na vibanio vimekaa juu ya vijipini vilivyochomelewa kiwandani kwenye mfereji wa kioo. Kwenye vijipini hivyo ndipo rangi huchubuka kwanza. Maji yanatuama nyuma ya utepe, kutu inatoboa mfereji, na kuanzia hapo kila mvua inaingia kwenye buti. Yakishafika kwenye sakafu ya buti yanakimbilia pembeni, kwenye kile kishimo kati ya bati la ndani na bati la nje la ubavu. Kishimo kina vitundu vya kutolea maji, lakini vitundu vikijaa tope na majani, bati linaoza kutoka ndani huku nje bado linang'aa. Kama gari lilikuja na paa lililovikwa vinaili, yaani ngozi ya plastiki, kagua kwa makini zaidi, maana vinaili ile hushika maji chini yake muda mrefu.

Kwa hiyo kioo kinatoka kwanza na mfereji unatengenezwa kwanza. Mbinu ya kuchomelea ni ileile utakayoiona huku chini, ila vipande ni vidogo. Usipoufanya huo, kazi ya ubavu ni hasara tupu.

Sasa usalama, na hapa sitaki utani. Toa waya wa hasi wa betri. Kisha shusha tangi la mafuta. Kwenye gari hili tangi liko chini ya sakafu ya buti, jirani kabisa na pale tutakaporusha cheche. Lishushe, ulitoe nje ya jengo, uzibe mabomba yake. Ukilishusha, pitisha macho juu yake taratibu: mara nyingi karatasi ya kiwandani yenye orodha ya vifaa vya gari husika hukutwa imenasa pale juu ya tangi. Iokoe, hata kama imelika nusu. Kwa mwaka 1970 namba ya utambulisho iliyopigwa kiwandani (VIN) haikuambii kama gari lilitoka kiwandani likiwa SS, yaani Super Sport, Chevelle ya mwendo kasi, au Malibu ya kawaida, na karatasi hiyo ni mojawapo ya ushahidi mchache unaokubalika. Ndiyo sababu mjini kuna SS nyingi kuliko inavyoingia akilini. Gari hili ni Malibu, na litabaki Malibu.

Ondoa pia zulia, spanji na lami ya kuzuia kelele karibu na sehemu ya kazi. Lami ikishika moto upande wa ndani huioni mpaka moshi utoke kwenye buti. Weka kizima moto na ndoo ya maji karibu. Na hili lisikie vizuri: usisafishe bati unalotaka kuchomelea kwa dawa ya kusafishia breki. Zile zenye klorini, zikikutana na mwanga wa kuchomelea, hutoa gesi ya fosjini, na gesi hiyo inaua. Tumia asetoni, iache ikauke yote, na chupa yake iwe mbali.

Twende kwenye bati. Chukua sumaku ndogo, izungushie kitambaa chembamba isikwaruze rangi, upitishe ubavu mzima. Inaposhika vizuri ni bati. Inapolegea ni pati. Hapa juu ya tao la gurudumu inaanguka kabisa, maana yake kuna mtu aliwahi kupita hapa na kujaza pati nene juu ya kutu. Ondoa rangi na pati yote kwa brashi ya waya au diski laini, uende mpaka uone chuma kinachong'aa pande zote. Kutu huwa kubwa kuliko inavyoonekana kwa nje, usishangae.

Hapo unaamua: ubavu mzima au kiraka? Ubavu mzima wa Chevelle unapanda mpaka kwenye paa, na pale unapokutana na paa kiwanda kilijaza maungio kwa madini ya risasi iliyoyeyushwa. Kuigusa ni kujiletea kazi nyingine na mvuke wa sumu juu yake. Kama juu ni pazima kama hapa, kiraka kinatosha. Kuna watu wataniambia gari la thamani hii linastahili bati zima. Mimi nasema bati la kiwandani lililo zima lina thamani kuliko bati jipya, kwa hiyo nakata kidogo iwezekanavyo.

Kiraka cha kununua kiwe na unene unaokaribiana na bati lenyewe, milimita 0.9 hadi 1. Usikiamini kwa sababu tu kimeandikwa Chevelle. Viraka vingi vina tao lililolala zaidi ya la kiwandani. Kata boksi gumu kwa kufuata tao la upande wa kulia ambao ni mzima, ligeuze, uliweke upande wa kushoto. Hicho ndicho kipimo chako. Kisha funga gurudumu, rudisha bampa, funga buti na mlango, ukishikize kiraka kwa vibanio na kukitazama ukiwa umerudi nyuma hatua kadhaa. Mianya ikikaa sawa, endelea. Isipokaa sawa, kinyooshe sasa, kikiwa bado mkononi.

Mstari wa kukatia nauchora sentimita mbili au tatu chini ya mkunjo huu mrefu wa ubavuni. Mkunjo unalipa bati nguvu, kwa hiyo karibu nao bati halipindi sana kwa joto. Ukikata katikati ya uwanda mpana, joto litalivuruga na utalifukuza bati hilo kwa nyundo wiki nzima.

Mara ya kwanza usikate kwenye mstari wenyewe. Kata chini yake ukibakiza kama sentimita mbili, kwa diski nyembamba ya milimita 1, na usiizamishe sana, maana ndani kuna ukuta wa gurudumu ambao hatutaki kuukata. Kwenye mdomo wa tao, bati la nje na la ndani zimeshikana kwa nukta za kiwandani, yaani vidoa vya kuchomelea. Zitafute kwa kupiga msasa, kisha zitoboe kwa biti maalumu ya kukatia nukta, bati la juu peke yake. Vuta sasa.

Haya, angalia ndani. Tope, majani, na mabaki ya kiota cha panya. Vitundu vya maji havionekani kabisa. Kwangua yote. Mdomo wa ukuta wa ndani umelika hapa kwa urefu wa kiganja, na huo unatengenezwa kabla ya bati la nje, kwa sababu baadaye hutaufikia. Kutu nyepesi iliyobaki kwenye vinyweleo vya chuma paka dawa yenye asidi ya fosforiki, iache ifanye kazi kama kopo linavyoelekeza, ioshe na uikaushe vizuri. Paka praima (rangi ya msingi) ya epoksi ndani, ila iishie sentimita tatu kabla ya sehemu ya kuchomelea, maana itaungua. Kwenye midomo ambayo bati mbili zitalala pamoja, paka praima ya zinki inayokubali kuchomelewa. Zinki ikiungua inatoa moshi unaoleta homa, kwa hiyo fungua milango na vaa barakoa inayofaa.

Sasa kiunganishe. Wako wanaolaza bati jipya juu ya la zamani na kuchomelea ukingo. Ni rahisi, nakubali, lakini katikati ya bati mbili unabaki mfuko wa unyevu, na tundu linalofuata litatokea hapohapo. Sisi tunaweka ncha kwa ncha. Shikiza kiraka mahali pake, chora ukingo wake kwenye bati la gari, kata kwa mwisho. Mwanya ubaki kama milimita 1, usawa mwanzo hadi mwisho.

Mashine ni ya MIG, ile inayosukuma waya yenyewe huku gesi ikikinga moto, waya wa milimita 0.6, gesi ya argoni asilimia 75 na kaboni dioksidi asilimia 25. Jaribu kwanza kwenye kipande chakavu cha unene uleule, ukigeuze uone kama moto umepenya upande wa pili. Mashine ya fimbo za kawaida ina moto mkali mno kwa bati hili, itatoboa. Fundi mzuri wa gesi anaweza, na magari mengi nyumbani yametengenezwa hivyo, ila joto la gesi husambaa, kwa hiyo kazi ya kunyoosha baadaye ni kubwa zaidi.

Piga nukta moja mwanzo wa mstari, moja mwisho, moja katikati. Halafu gawa kila nafasi nusu, tena nusu, mpaka nukta ziachane kama sentimita tatu. Usipige nukta mbili jirani kwa mfululizo. Piga moja, hamia mbali, rudi pale pa kwanza ukiweza kuweka mkono bila kuungua. Hapa ndipo subira ya fundi inapoonekana, na hapa ndipo sitaharakisha video.

Nukta inapopoa husinyaa na kuvuta bati, ndiyo maana bati hupinda. Dawa yake: saga kichwa cha nukta kidogo, weka chuma cha kushikizia kwa nyuma, gonga nukta kwa nyundo bapa polepole. Kugonga kunaitanua tena. Ukifanya hivyo kila raundi, mwisho wa siku bati linalala lenyewe. Endelea kujaza mianya mpaka nukta zote zishikane. Kwenye mdomo wa tao toboa kiraka matundu ya milimita 8 pale zilipokuwa nukta za kiwandani, ubane bati mbili kwa nguvu, uyajaze kwa kuchomelea.

Kusaga: diski ya msasa namba 80, mguso mwepesi, usikae mahali pamoja. Bati likigeuka bluu umelipasha kupita kiasi na pengine umelipunguza unene. Mulika tochi kwa ndani gizani. Ukiona mwanga unapenya, rudi ukazibe.

Nje paka epoksi, na ndani ziba maungio kwa gundi ya maungio ya bodi, lakini vitundu vya maji uviache wazi. Pati sasa ina ruhusa, isizidi milimita 3, ni ya kusawazisha tu. Ilainishe kwa ubao mrefu wa msasa, ukivuta kwa mshazari huku na huku, namba 80 kisha 180. Pulizia vumbi jepesi la rangi nyeusi: linapobaki ni bondeni, linapofutika haraka ni kilimani. Kisha praima nzito na msasa namba 320. Rangi za sehemu mbili, zinazochanganywa na kigandishi, zina isosayaneti, kemikali yenye sumu, na kwa hizo barakoa ya kawaida haitoshi, unahitaji ile ya kuvutia hewa safi kutoka nje. Kama huna, mpelekee fundi wa rangi mwenye chumba chake cha kupulizia.

Kazi ya mwisho ni nta ya kuzuia kutu inayopuliziwa ndani ya ubavu, na inakuja baada ya rangi, kwa sababu ikigusa bati kabla, rangi haitashika. Pitisha mpira wake mwembamba kutokea kwenye buti, pulizia ukirudi nyuma taratibu, mpaka ifike kwenye kila ungio. Tandaza boksi chini ya gari ulale. Asubuhi unatakiwa kukuta matone ya nta chini ya kila kitundu. Kitundu kisichodondosha kimezibika, kizibue kwa waya kabla nta haijaganda.