Kinshasa na Mzee Kabila, 1997 hadi 1998

Ndugu zangu, leo namuongelea Laurent Kabila, aliyekuwa rais wa Kongo baada ya kumng'oa Mobutu, ila zaidi nataka tuwaangalie watu wa Kinshasa, maana ndani ya miezi 15 tu mji ule ule ulimshangilia, ukamchoka, halafu ukasimama upande wake tena.

Tarehe 17 Mei 1997 AFDL, waasi wa Kabila, wanaingia Kinshasa, rais Mobutu kashakimbia, na watu wamejaa barabarani wanawashangilia kadogo, watoto wale wa jeshi na mabuti yao ya mvua, wametoka Kivu huko, wanaongea Kiswahili katikati ya mji wa Kilingala. Na hapo hapo ndo shaka ilianza. Kwa mtu wa Kinshasa Kiswahili ni lugha ya mashariki, na alipoona aliyekalia kiti cha mkuu wa majeshi ni James Kabarebe, ofisa wa Rwanda, akajiuliza, hivi tumekombolewa au tumetekwa? Juu ya hapo shughuli za vyama zikapigwa marufuku, na Februari 1998 Tshisekedi, kiongozi wa upinzani na kipenzi cha mji, akakamatwa akapelekwa kijijini kwao Kasai.

Mwisho wa Julai Kabila akawaambia Wanyarwanda warudi kwao. Tarehe 2 Agosti vita ikawaka Goma na Bukavu kule mashariki, waasi wakiungwa mkono na Rwanda, siku chache baadae ndege zikashusha askari wao Kitona, magharibi kabisa, wakachukua bwawa la Inga, umeme Kinshasa ukakatika na maji nayo yakakatika. Ungetegemea watu wamlaumu rais, si ndio? Wakafanya kinyume, waasi walipofika Masina na Kimbanseke, mitaa ya Kinshasa, raia wenyewe ndo walikuwa wanawasaka.

Na jamani hili siwezi kulipita haraka. Watu walichomwa kwa matairi hadharani, Watutsi waliuawa, hata aliyefananishwa tu na Mtutsi, na maneno ya chuki yalitoka kwa viongozi wenyewe. Kwa hiyo mtu akiniambia Agosti ile Kabila alipendwa tena mi nakataa, kilichopanda ni hofu ya kutawaliwa na mgeni, na yeye alikuwa amesimama pale hofu ilipopita.

Angola na Zimbabwe wakaingia, mji ukapona, umeme ukarudi. Malalamiko nayo yakarudi, bei, mishahara, na uchaguzi aliouahidi wa 1999, ambao ulikuwa bado haujafanyika pale mlinzi wake mwenyewe alipompiga risasi tarehe 16 Januari 2001.