Namna ya kutengeneza mafunzo ya mtandaoni kwa njia ya kisa: bibi, dirisha na kadi iliyokataa

Karibuni. Leo tunatengeneza somo fupi la mtandaoni, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, la kumfundisha mhudumu wa mapokezi hospitalini kuzungumza na mtu aliyechoka, mwenye hofu, na anayetakiwa kupewa jibu asilolitaka. Mfanyakazi atalifanya kwenye simu yake kwa dakika kumi. Hatutaandika slaidi hata moja. Tutaandika kisa, na ndani yake yeye ndiye atakayeamua kinachofuata.

Hakuna mhudumu asiyejua kwamba anatakiwa awe mpole. Anajua. Kazi inakuja saa tatu na nusu asubuhi, foleni imefika mlangoni, mtandao unasumbua, na aliye mbele yake ameanza kupandisha sauti. Anayetaka kumsaidia amfanyishe mazoezi ya saa hiyo, siyo ya saa nyingine.

Hatua ya kwanza: tafuta dakika moja tu. Bosi akikuambia "watu wangu hawana mawasiliano mazuri", usifungue kompyuta bado. Muulize: wanafanya nini hasa? Mbele ya nani? Saa ngapi? Endelea kuuliza mpaka upate kitu ambacho ungeweza kukipiga picha. "Mawasiliano mazuri" hayapigiki picha. Mhudumu anayerudisha kadi chini ya kioo bila kumtazama mwenye kadi, huyo anapigika.

Kisha nenda kwa wahudumu wenyewe. Kaa na watatu au wanne, mmoja mmoja, msimamizi wao asiwepo. Ukiwauliza maoni yao kuhusu huduma bora, utapewa hotuba. Waambie hivi: "Nisimulie mara ya mwisho mtu alipokuchosha hapa dirishani. Alisema nini? Wewe ukamjibuje?" Andika neno kwa neno, na lugha ya mtaani iache ilivyo. Hapa ndipo kisa chako kinapopatikana, na hatua hii nakuomba usiiruke hata kama umepewa siku mbili tu.

Nasisitiza kwa sababu nimeona mafunzo mengi yaliyotafsiriwa kutoka nje yakimwagiza mhudumu amwite mteja kwa jina lake la kwanza, ati ndiyo ukarimu. Jaribu hilo kwa mzee wa miaka sabini hapa Tanzania uone uso wake. Kwetu huduma inaanza kwenye salamu. Ukimrukia mzee na "kadi yako iko wapi?" kabla ya shikamoo, umeshaharibu, na hakuna sentensi nzuri itakayokuokoa baadaye. Kwa hiyo njia panda ya kwanza katika kisa chetu ni salamu.

Hiki hapa kisa, kuanzia pale salamu inapokwisha. Ninakisoma taratibu.

"Bibi amefika tangu saa kumi na mbili. Mjukuu wake yuko mgongoni, ana homa. Zamu yake inafika saa tatu na nusu. Anafungua pindo la khanga, anatoa kadi ya bima ya mtoto, anaipitisha chini ya kioo. Unaingiza namba. Mfumo unakataa: kadi haiko hai, michango haijapelekwa. Nyuma yake kuna watu kumi na wanane. Unasemaje?"

Angalia nilivyoandika. Hakuna maelezo ya bibi ni mtu wa namna gani. Kuna pindo la khanga, kuna homa, kuna idadi ya watu nyuma yake. Vitu hivyo vitatu vinamfikisha msomaji dirishani.

Sasa majibu, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Somo langu la kwanza la aina hii lilikuwa na majibu matatu: mfokee, mpuuze, msikilize kwa upole. Wote walipata mia kwa mia. Wiki iliyofuata nilikwenda kusimama karibu na lile dirisha, na hakuna kilichokuwa kimebadilika. Iliniuma, kwa sababu walikuwa wametoa muda wao. Hakuna aliyehitaji somo la kumwambia asimfokee mgonjwa.

Kila jibu liwe kitu ambacho mtu mwema, mwenye haraka, angelifanya kweli. Na kila jibu liwe na gharama yake, hata lile bora. Kwa kisa chetu yako matatu.

La kwanza: "Bibi, kadi imekataa. Mwajiri wa mwanao hajapeleka michango, itabidi aulizwe yeye." Ni kweli tupu, na foleni inasogea.

La pili: "Samahani sana bibi, ngoja nikuangalizie." Mhudumu anainuka kwenda kwa msimamizi. Ni maneno ya upole, ila hajasema tatizo ni nini wala atarudi saa ngapi.

La tatu: "Bibi, kadi inakataa, na kosa si lako. Mtoto aende kwa nesi apimwe homa sasa hivi. Mimi nafuatilia kadi, nitakufuata pale kwenye benchi kabla ya saa nne." Hili ndilo tunalolitaka. Lakini aliye nyuma ya bibi atasema kwa sauti, "Kumbe hapa kuna wenyewe?" na mhudumu atakuwa na mtu wa pili wa kumtuliza.

Hatua inayofuata ni matokeo. Mtu akichagua, usimwandikie "Umekosea" wala "Hongera". Mwonyeshe kilichotokea. Aliyechagua la kwanza asome hivi: "Bibi hasemi kitu. Anaikunja kadi ndani ya pindo la khanga, anafunga fundo, anamweka mtoto vizuri mgongoni. Anaelekea mlangoni." Inatosha. Aliyechagua la pili akute bibi bado amesimama pale pale dakika ishirini baadaye, amejishikiza kwenye kaunta, anawauliza watu, "Yule dada amekwenda wapi?" Mpe nafasi ya kurudi nyuma kuchagua tena. Maelezo ya kitaalamu, kama ni lazima, yaje mwishoni, sentensi mbili.

Tufungue kompyuta. Mimi natumia Twine, programu ya bure iliyoanzishwa na Chris Klimas mwaka 2009 kwa ajili ya hadithi za kuchagua njia. Unaweza kuitumia ndani ya kivinjari (browser) bila kusakinisha kitu. Anzisha hadithi mpya, ipe jina. Unaona kijisanduku kimoja katikati ya skrini? Kibofye mara mbili, bandika ile aya ya bibi. Chini yake andika jibu la kwanza ndani ya mabano ya mraba mawili mawili, namna hii:

[[Mwambie kadi imekataa, aulizwe mwajiri->Pindo la khanga]]

Kabla ya mshale ni maneno atakayoyaona msomaji. Baada ya mshale ni jina la kijisanduku kinachofuata, na Twine inakiumba yenyewe. Fanya hivyo kwa majibu yote matatu, kisha ingia katika kila kijisanduku uandike matokeo yake.

Simama kidogo hapa. Majibu matatu yakizaa matatu mengine, na hayo yakazaa tena, kufika uamuzi wa nne una miisho 81. Hutaimaliza. Zikutanishe njia: awe amechagua nini mwanzoni, saa nne lazima msimamizi apite aulize, "Yule bibi vipi?" Hapo wote wanarudi njia moja, ila sentensi za mwanzo zinatofautiana kulingana na walikotoka. Njia panda nne au tano zinatosha somo zima.

Ukimaliza, nenda sehemu ya Build, bonyeza Publish to File. Unapata faili moja ndogo inayofunguka kwenye kivinjari hata bila bando. Ijaribu kwanza kwenye simu za watu watatu tofauti, kwa sababu kuna simu zinazosumbua faili ikitumwa kwa WhatsApp. Wenye simu hizo itabidi uwawekee kwenye tovuti. Halafu hifadhi nakala pembeni. Twine ya kwenye kivinjari inatunza kazi yako humo humo, na siku utakapofuta data za kivinjari, inaondoka nazo.

Ofisi ikitaka kumbukumbu za nani amefanya na nani bado, kihamishie kisa kwenye Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo ya mtandaoni, tumia shughuli yake ya Lesson, ambayo kila jibu linaweza kumpeleka mtu ukurasa mwingine. Kama huna kompyuta kabisa, fomu za Google zinaweza kumrusha mtu sehemu tofauti kulingana na jibu. Hazina uzuri wa kusomeka, lakini zinafanya kazi.

Mwisho, majaribio. Mpe mhudumu mmoja simu, kaa pembeni, nyamaza. Angalia dole gumba lake. Pale linaposita juu ya majibu mawili, swali lako ni zuri. Pale linapobonyeza kabla hajamaliza kusoma, jibu lilikuwa wazi mno, liandike upya. Akicheka na kusema "huyu bibi namjua", andika tarehe, umefika.

Na wakishamaliza wote, usiridhike na fomu ya kuuliza kama wamelipenda somo. Mwaka 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick aliyapanga matokeo ya mafunzo katika ngazi nne: walivyolipokea, walichojifunza, wanachokifanya kazini, na faida inayoonekana. Kupendwa kwa somo ni ngazi ya kwanza tu. Rudi baada ya mwezi, kaa kwenye benchi la wagonjwa saa tatu mpaka saa tano, hesabu ni mara ngapi mhudumu anamwambia mtu saa atakayomrudia, na ni mara ngapi anarudi kweli.

Faili ya kisa cha bibi ipo hapo chini ya video. Ichukueni, dirisha lifanyeni la ofisi yenu, salamu muiache mwanzoni.