Mwezi Ukipevuka, Rubani Atarudi Lini?

(Mhadhara uliotolewa Mwanza mbele ya wafanyakazi wa usafiri na wanafunzi wa vyuo)

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wote, mwadila.

Nimeombwa nizungumzie marubani, mishahara yao, na zile barua zinazowaambia wakakae nyumbani bila malipo mpaka watakapoitwa. Najua wapo humu wanaojiuliza moyoni, rubani naye ana shida gani? Mtu mwenye mistari ya dhahabu mabegani, analala hotelini, watu wanamwita kapteni. Nawaombeni mnivumilie. Yanayowakuta marubani yamemkuta mtu wa kiwandani, mtu wa bandarini na mwalimu wa shule ya kulipia. Tofauti ni kwamba ya marubani yameandikwa kwa tarakimu, mkataba kwa mkataba, kwa hiyo tunaweza kuyasoma na kujifunza.

Nianze na yaliyonikuta mwenyewe.

Nilikuwa rubani msaidizi katika kampuni moja ambayo sitaitaja. Abiria wakapungua, mafuta yakapanda, tukaitwa kikao cha usiku. Viti havikutosha, wengine tukaegemea ukuta. Uongozi ukasema: ama mkubali kukatwa sehemu moja ya tano ya mshahara, ama tupunguze watu. Kisha wakatoka nje, wakatuacha tuzungumze wenyewe kwa wenyewe.

Akasimama kapteni mmoja aliyebakiza miaka miwili astaafu. Akasema, "Wanangu, mafao yangu yatapigwa kwa mshahara wa miaka hii ya mwisho. Mkinikata leo, mmenikata mpaka kaburini." Kabla hajakaa, akainuka kijana aliyekuwa na miezi minane tu kazini. Baba yake aliuza ng'ombe na kipande cha shamba huko Magu ili amsomeshe urubani. Akasema, "Mzee, nakuheshimu. Lakini mimi nikateni hata nusu, ilimradi nibaki angani." Nilimwangalia yule mzee, nikamwangalia yule kijana, na nakwambieni kweli, sikuona aliyekosea kati yao.

Tukapiga kura. Tukakubali kukatwa "hadi hali itakapotengemaa". Ndivyo ilivyoandikwa. Hakuna aliyeuliza hali ikitengemaa tutaijuaje, nani atakayeipima, na kwa kipimo gani. Baada ya miezi minne barua zikatoka vilevile. Zilihesabiwa kutoka chini ya orodha, na jina langu lilikuwa la tatu kutoka chini.

Hapa niwaeleze hiyo orodha, maana bila kuielewa hamtaelewa kwa nini marubani wanagombana wao kwa wao. Katika mashirika mengi makubwa, hasa Marekani, rubani ana namba ya ukongwe, inayotokana na siku aliyoajiriwa. Namba hiyo ndiyo inaamua utarusha ndege gani, utakuwa kapteni lini, likizo utachukua mwezi gani. Ndiyo inayoamua pia nani aende nyumbani: wa mwisho kuingia anakuwa wa kwanza kutoka, na wakati wa kuitwa tena anatangulia aliyeajiriwa mapema zaidi. Ukihamia shirika lingine, hata kama umeruka miaka ishirini, unaanzia mkiani. Ndiyo maana rubani hawezi kusema tu "nitatafuta kwingine". Kwingine ni mwanzo kabisa.

Nilirudi hapa Mwanza, nikakaa kwa mama mdogo. Alikuwa na biashara ya dagaa Mwaloni, Kirumba. Alfajiri namsaidia kubeba magunia, mchana tunakaa kwenye turubai anachambua mchanga na vijiti. Siku moja aliniuliza bila kuinua macho, vidole viko kwenye dagaa: "Wamekwambia utarudi lini?"

Nikasema, "Wamesema tutaitwa."

Akasema, "Sisi mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, taa hazina kazi kwenye mwanga ule. Mtumbwi unavutwa juu, nyavu zinashonwa. Lakini hakuna aliyefukuzwa. Kila mtu anajua giza linaanza siku gani. Ninyi giza lenu linaanza lini?"

Sikuwa na jibu. Na ndugu zangu, swali hilo la muuza dagaa sikulisikia kwenye kile kikao chetu cha watu wenye leseni za kimataifa.

Tena mvuvi akikaa siku kumi ujuzi wake haupotei. Rubani, kanuni inamtaka awe amepaa na kutua angalau mara tatu ndani ya siku 90 ndipo abebe abiria. Kuna mtihani unaorudiwarudiwa kwenye simuleta, ile mashine inayoigiza ndege, na kuna kupimwa afya na daktari wa anga. Mwajiri ndiye hugharamia hayo ukiwa kazini. Ukiwa nyumbani, tarehe za kwenye leseni zinaisha moja moja ukiziona, na simuleta nayo mara nyingi iko nje ya nchi. Nilikuwa naifungua leseni yangu usiku, naangalia tarehe, naifunga.

Niliitwa tena baada ya miezi kumi na minne. Nikarudi. Nikaukuta ule mshahara uliokatwa ndio umekuwa mshahara. Ndege zimejaa, hali imetengemaa kwa macho ya kila abiria, na karatasi bado inasema "hadi".

Nilidhani ni sisi tu, wadogo, tusiojua kusoma mikataba. Kumbe la. Mwaka 2004 marubani wa shirika la ndege la Delta kule Marekani, wenye chama imara na mawakili wao, walikubali kukatwa asilimia 32.5 ili kuliokoa shirika lisifilisike. Walijitolea kitu cha thamani ya dola bilioni moja kwa mwaka. Septemba 2005 shirika likaenda mahakamani hata hivyo, kuomba ulinzi dhidi ya wadai wake chini ya sheria ya kufilisika. Mwaka 2006 wakakatwa asilimia nyingine 14, na mpango wao wa pensheni ukavunjwa. Yule mzee wangu wa kile kikao, nilipoyasoma haya, nilimkumbuka sana.

Sasa linganisheni na mwaka 2020. Korona imefunga anga, Delta hiyohiyo inataka kuwaweka nje marubani zaidi ya 1,700. Safari hii chama kilikubali kitu kingine. Rubani wa Marekani hulipwa kwa saa anazoruka, na mkataba humhakikishia idadi fulani ya saa kila mwezi, ziwepo safari zisiwepo. Walikubali saa hizo za uhakika zipunguzwe kwa hadi asilimia 5. Bei ya saa haikuguswa. Hakuna rubani aliyetolewa, na makubaliano yaliandikwa muda: mpaka Januari 2022.

Hapa ndipo ninapotaka mkae na mimi kidogo, kwa sababu ndilo lililonileta. Kupunguza saa na kupunguza bei ya saa yanaweza kuleta pungufu ileile kwenye bahasha ya mwezi huu, na mwenye shida ya leo haoni tofauti. Lakini saa zinarudi zenyewe safari zikirudi. Ndege haiwezi kuruka bila rubani, na akiruka, saa yake inahesabika. Bei ikishashuka hairudi mpaka uipiganie upya, na utaipigania ukiwa umesimama mahali pa chini zaidi. Mafao nayo, yakihesabiwa kwenye bei hiyo, yanashuka nayo. Kwa hiyo kupunguza saa kungemponya yule mzee, na kwa kuwa kazi inagawanywa kwa watu wote, kungemponya na yule kijana wa Magu. Jibu lililowafaa wote wawili lilikuwepo. Sisi tuliwaacha wagombane usiku kucha kwa sababu tuliletewa njia mbili tukaamini ni mbili tu.

La pili ni kufunguliwa vitabu, yaani kuonyeshwa hesabu za kampuni kabla ya kukubali kukatwa. Aprili 2003 wafanyakazi wa American Airlines, marubani kwa takribani asilimia 23, walipiga kura kukubali kukatwa. Kura zimekwisha, ndipo ikajulikana kwamba wakubwa wa shirika walikuwa wametengewa bonasi za kuwabakiza kazini na mfuko wa kulinda pensheni zao. Watu waliumia. Mkuu wa shirika, Donald Carty, alijiuzulu mwezi huohuo. Mtu anaweza kuvumilia ugali bila mboga nyumba nzima ikila hivyo. Akisikia harufu ya samaki chumbani kwa baba, uvumilivu unaishia hapo.

Sitaki kusema kukatwa mshahara ni uovu siku zote. Julai 2020 marubani wa British Airways walikubali, kwa kura asilimia 85, kupunguziwa asilimia 20, na makubaliano yakasema pungufu hiyo itashuka hadi asilimia 8 ndani ya miaka miwili. Bado watu 270 walipoteza kazi, na sitalipamba hilo. Lakini tazameni: kulikuwa na ngazi ya kupandia, imeandikwa. Marubani wa Southwest, shirika jingine la Marekani, nao waliombwa wakatwe asilimia 10, wakakataa, na ombi likaondolewa baada ya serikali ya Marekani kutoa fedha nyingine za mishahara. Maana serikali ilikwishatoa fedha za kwanza kwa sharti la kutopunguza watu; sharti hilo lilipoisha, tarehe 1 Oktoba 2020, mashirika ya American na United pekee waliwatoa takribani wafanyakazi 32,000 wa kada zote. Kukataa kuliwafaa wengine kwa sababu mkono wa serikali ulikuwepo. Sisi tusiige kukataa bila kuangalia kama mkono huo tunao.

Na majirani zetu, Novemba 2022, marubani wa Kenya Airways waligoma siku kadhaa hadi mahakama ilipowaamuru warudi. Moja ya madai makubwa lilikuwa michango ya mwajiri kwenye mfuko wao wa akiba, iliyosimamishwa 2020. Kitu kilichosimamishwa wakati wa janga, miaka miwili baadaye kinaleta mgomo.  

Kwetu Tanzania iko Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya 2004. Kifungu cha 38 kinamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza watu atoe taarifa, aeleze sababu, na ashauriane juu ya njia za kuepuka au kupunguza upunguzaji huo, na namna ya kuwachagua watakaoondoka. Nasisitiza neno njia. Sheria inakupa nafasi ya kusema, "tugawane saa." Itumieni. Kiinua mgongo cha kifungu cha 42 kisiwadanganye: kiwango cha chini ni siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia, kwa miaka isiyozidi kumi. Siku 70, basi. Na ukiona umeachishwa isivyo haki, siku za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ni 30.

Naona mkono pale nyuma. Ndiyo, dada.

Anasema yeye anafanya kazi kaunta ya abiria, wameletewa karatasi ya kukubali kupunguziwa mshahara, wasaini kabla ya Ijumaa. Imeandikwa "kwa muda".

Dada yangu, asante kwa ujasiri. Karatasi unayo hapo kwenye mkoba? Vizuri. Tutazame kama imetaja mshahara unarudi tarehe gani, kama wakubwa nao wamo, na kama baada ya kukatwa hakuna atakayetolewa. Tarehe isipokuwepo, tutaandika barua ya kuiomba, wewe na wenzako wote wa kaunta mtie majina, na tutaiandika leo kabla hujapanda daladala ya Buhongwa. Njoo mbele hapa, kuna meza.